Njia Iliyopita Uwanjani kwa Bibi Skolastika

Nilirudisha tepu stoo siku ya Ijumaa, asubuhi mapema. Mtunza stoo aliivuta yote nje ya kasha lake, akaikagua ncha hadi ncha kama mtu anayetafuta mita niliyoiba, kisha akanipa karatasi nisaini. Ilikuwa tepu ya mita hamsini. Namba zake kati ya thelathini na moja na thelathini na nne zimefifia kwa sababu bodaboda iliwahi kuikanyaga pale Gungu ikaondoka bila hata kugeuka. Nilipotoka nje nilisimama kwenye ngazi za ofisi na mkono wangu wa kulia haukujua ukae wapi.

Kilichonistaafisha ni goti, si umri. Nina miaka arobaini na kitu. Daktari alisema kuchuchumaa na kuinuka kumetosha, na ofisi haina kiti kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anachuchumaa. Sada, ambaye ndiye aliyebaki na daftari zangu, aliniomba niandike ninayoyakumbuka kwa ajili yenu mnaopima sasa kwa kioo cha kompyuta. "Kaka Tepu," aliniambia, "ukiondoka hivi hivi utaondoka na kila kitu." Nikamjibu kwamba sina kitu cha kuondoka nacho. Sikumwambia kweli. Lipo jambo moja. Nikikaa mahali zaidi ya siku tatu linanikuta. Nilikwenda Ilagala kwa dada yangu nikidhani upepo wa ziwa utalipeperusha, likanifuata. Nikahamia Mwandiga, nikakuta limetangulia. Basi nitaandika, ila nitaanza mwanzo, maana jambo lenyewe halieleweki bila kujua kazi ya tepu ni kazi gani.

Nilianza nikiwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayana haja ya kutajwa. Ofisi ilikuwa inatafuta watu wa kwenda kupima nyumba za Ujiji kwa ajili ya kodi ya majengo. Fundi aliyetuongoza alikuwa Mzee Bigirimana, mtu wa Kasulu, mfupi, mwenye penseli sikioni na kofia ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa. Tulimwita Mzee Bigi. Siku ya kwanza alinikabidhi ncha ya tepu akasema, "Wewe ni sifuri."

Nilidhani ananitukana. Niliishika ile ncha nikiwa nimenuna mpaka saa nne. Kumbe tepu ina watu wawili: mmoja anashika mwanzo wake, ndiye sifuri, na mwingine anasoma namba upande wa pili. Tulipokaa kunywa chai alinieleza. "Msomaji akikosea, namba inaonekana, mtu mwingine ataisoma tena. Wewe ukisogeza ncha yako kwa ngumi moja, hakuna atakayejua. Hata mimi sitajua. Utajua wewe peke yako."

Sikujua wakati ule kwamba maneno hayo ndiyo yatakayonilaza vibaya miaka ishirini baadaye. Wakati ule nilijali chai tu.

Mzee Bigi alinifundisha mambo mengine ambayo ninyi mtayaona ya kuchekesha. Andika kwa penseli, kwa sababu mvua ya Kigoma haiheshimu wino. Usipime kwa tepu ya plastiki saa nane mchana juani, inalegea. Beba rangi nyekundu kwenye mkebe mdogo wa maziwa, si kopo kubwa, kwa sababu watu wakiona kopo kubwa la rangi nyekundu wanajua umekuja kuchora X, na nyumba yenye X inabomolewa. Kwa mkebe mdogo angalau wanakuuliza kwanza.

Na zaidi ya yote alinifundisha kusalimia. Nyumba ya Muha huingii ukipima. Unasimama mwanzoni mwa uwanja, unainama kidogo, unapiga makofi polepole viganja vikiwa vimekunjwa, unasema "Mwakeye," na unasubiri mpaka makofi yakujibu. Baada ya hapo mnaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mihogo. Ndipo unatoa tepu. Niliwahi kumwambia Mzee Bigi kwamba kwa mwendo ule tutapima nyumba tatu kwa siku. Akasema, "Tatu ambazo hazitatufukuza."

Hakuna aliyetupenda, niwaambie ukweli. Tepu ikionekana mwanzo wa mtaa, mwisho wa mtaa wanafunga milango. Mwanamume mmoja pale Ujiji, amekaa barazani kwake na kikombe cha kahawa, alituambia mwenye nyumba amesafiri. Mzee Bigi akamuuliza atarudi lini. Akasema, "Mkishaondoka." Tukacheka wote watatu, akatukaribisha, tukapima.

Nilipenda kazi ile kwa sababu ilikuwa ya kutembea. Sijawahi kuweza kukaa. Nimehama nyumba za kupanga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kutoka Ujiji hadi Gungu, Gungu hadi Mwandiga, na kila safari ya mbali ilipotangazwa ofisini mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Nimepima maduka yanayonuka dagaa kule Ilagala, na nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo mlango wake unafungwa kwa kamba. Nimepima maelfu ya kuta za watu. Ya kwangu hata moja haipo. Mama Furaha, ambaye nitamweleza sasa hivi, alikuwa akisema mimi ni kama kinyozi mwenye upara.

Mzee Bigi alistaafu, akarudi Kasulu kulima. Baada yake mimi ndiye niliyekuwa msomaji, na Sada akaja kushika sifuri. Ndipo ikaja ile habari ya nafuu ya kodi.

Stendi ndogo ya Hiace za Mwandiga ilikuwa imejengwa upya upande wa Gungu, na wakubwa wakaona kwamba watu wanaoshuka pale, walimu, manesi, wachuuzi, wanalala mbali na wanamaliza hela zao kwa bodaboda. Wakataka vyumba vya kupanga vijengwe karibu. Tangazo lilisomwa kwenye mkutano wa kata. Atakayejenga vyumba kumi au zaidi vya kupangisha, ndani ya mita mia tano za kutembea kwa mguu kutoka geti la stendi, atasamehewa kodi ya jengo kwa miaka kumi. Tena ataruhusiwa kupandisha ghorofa moja kwenye kiwanja kidogo ambacho kwa kawaida hakiruhusiwi ghorofa.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma alisimama. "Kodi mmesamehe. Na honi za alfajiri, nazo mtazisamehe?"

"Honi ni za wenye magari, mzee," mtendaji wa kata alijibu.

"Basi nitajenga, halafu nikalale Ujiji."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilisikia ile "mita mia tano za kutembea kwa mguu" na nikajua ni nani atakayezitembea.

Mama Furaha alikuwa wa kwanza kuleta ombi. Alikuwa mjane, anauza migebuka mikavu, samaki wa ziwa, sokoni, baba yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zamani sana. Alikuwa na kiwanja kidogo na nyumba ya vyumba viwili vya tofali za udongo, akilala na binti zake watatu. Kiwanja kile bila ghorofa kilikuwa kinatosha vyumba sita. Vyumba sita si kumi. Kwa hiyo kwake mambo yalikuwa yamefungana: bila ghorofa hakuna vyumba kumi, bila vyumba kumi hakuna nafuu, na bila kuwa ndani ya mita mia tano hakuna chochote.

Tulimpimia kwa barabara kutoka geti la stendi hadi mlangoni kwake. Tukapata mita mia sita na kumi na mbili.

Aliniangalia. "Sasa wewe Tepu, nani hapa anapita barabarani? Nitoke stendi na beseni kichwani nizunguke, nimfurahishe nani? Mimi napita kwa bibi."

Ilikuwa kweli. Hata mimi nilikuwa napita kwa bibi. Mtaa mzima ulikuwa unapita kwa bibi. Kati ya stendi na nyumba ya Mama Furaha palikuwa na boma la Bibi Skolastika, mwanamke wa Kiha mzee sana, uwanja wake mpana umezungushiwa ua wa minyaa wenye mapengo mawili, moja upande wa stendi na jingine upande wa pili. Katikati ya uwanja palikuwa na mstari mweupe wa udongo uliokanyagwa na kung'aa. Unaingia pengo la kwanza, unainama, unapiga makofi, "Mwakeye, bibi," naye anakujibu kutoka kwenye jamvi lake la mihogo, unatoka pengo la pili. Nilikuwa nimepita hapo tangu kijana. Kama mtu angeniuliza hiyo ni nini, ningesema ni njia.

Basi tulipima kwa bibi. Sada alishika sifuri kwenye nguzo ya geti, mimi nikasoma. Tulipofika uwanjani tulisalimia ipasavyo, na Bibi Skolastika aliinua ncha ya jamvi lake ili tepu ipite chini. Hakuuliza tunapima nini. Na mimi, niliyefundishwa kuulizana habari za nyumbani, za mvua na za mihogo, niliuliza zote hizo na sikusema tunapima nini. Nilifika mlangoni kwa Mama Furaha na mita mia nne na sabini na moja. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa aina ya njia, nikaandika: njia ya mguu. Nikasaini.

Mama Furaha alijenga kwa miaka miwili. Mtu anayejenga mnamjua: anakonda yeye, nyumba inanenepa. Vyumba sita chini, kisha zege la kati, kisha vitano juu. Kila nilipopita nilisikia misumari ya mbao za dari nikajisikia vizuri, kama vile mimi ndiye nimejenga. Halafu ofisini ikaja barua kwamba nafuu zote zilizotolewa zitakaguliwa, na atakayeonekana hakustahili ataondolewa msamaha, na ghorofa iliyojengwa kwa kibali hicho itawekewa X.

Niliisoma ile barua mara mbili. Mara ya pili, pale palipoandikwa "ghorofa", nilikuwa tayari nimeona uwanja wa Bibi Skolastika. Sijui kwa nini haukunijia miaka miwili nyuma. Ulikuja wote kwa mara moja, na mapengo yake mawili.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja mpole, mgeni wa Kigoma, mwenye viatu vya mpira na daftari safi. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alitembea ile njia pamoja nami kutoka getini, akiangalia fomu. Tulipoingia uwanjani nikapiga makofi. Yeye akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hii njia ni ya nani?"

"Njia ipi?"

"Hii tuliyosimama."

"Huu ni uwanja wangu. Njia iko kule." Akaonyesha barabara kwa kidevu.

Mkaguzi aliutazama ule mstari mweupe. Watu wawili walipita hapo hapo, wakainama, wakapiga makofi, wakatoka. "Na hawa wanaopita?"

"Hawapiti," bibi alisema. "Wananisalimia."

"Kesho ukiamua kuziba, unaweza?"

"Naweza. Ni pangu. Lakini nizibe kwa nini? Wananisalimia."

Mkaguzi aliandika. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona kalamu inakwenda. Nje ya pengo la pili alinieleza kwa sauti ya chini, kama daktari. Kipimo lazima kifuate njia ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuifunga kesho. Kwa barabara ni mia sita na kumi na mbili. Kwa hiyo nyumba ile iko nje. "Nitawapa siku ishirini na moja," alisema. "Mkileta njia inayokubalika, sawa. Msipoleta, juu panawekwa alama."

Nilikwenda kumwambia Mama Furaha mwenyewe. Alikuwa anapaka rangi dirisha la juu. Nilimwambia nikiwa chini, kwa sababu goti lilikuwa limeshaanza na ngazi sikuziweza, na kwa sababu, kusema kweli, niliona aibu kuwa karibu.

Hakupiga kelele. Aliweka brashi juu ya kopo. "Wewe si ndiye ulipima?"

"Mimi ndiye."

"Ukasaini."

"Nikasaini."

"Nikawaambia mafundi, pandisheni, Tepu amesaini." Alifuta mikono kwenye kanga. "Basi njoo uishi wewe juu, siku ya X uwaambie umeishiwa rangi."

Siku zile sikuwa mtu wa kukaa wala kusimama. Nilitembea. Nilipima kwa macho kila kichochoro kati ya stendi na ile nyumba, nikahesabu hatua mpaka nikawa nahesabu hata ninapokwenda msalani. Hakukuwa na njia nyingine. Kila upande ulikuwa na ukuta wa mtu. Nilibaki na jibu moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye jamvi la mihogo.

Nilikwenda kwa Bibi Skolastika asubuhi na karatasi ya kukubali kwamba uwanja wake una njia ya watu wote. Alihitaji tu kuweka kidole gumba. Nilisalimia. Nikaulizwa habari, nikajibu. Kisha nikaeleza yote, na hili ndilo nililopaswa kufanya miaka miwili nyuma, kabla ya kupitisha tepu chini ya jamvi lake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sitaweka kidole," alisema.

"Bibi, ni kwa ajili ya Mama Furaha."

"Namjua. Ananisalimia kila siku, na mwezi wa njaa aliniletea samaki. Lakini mwanangu, mume wangu aliweka kidole. Walikuja watu kama wewe, wana tepu kama hiyo, wakasema wanapanua barabara kidogo tu. Kidogo ikawa nusu ya shamba. Alikufa akiwa anaitazama. Mimi kidole changu kitakaa hapa hapa mkononi."

Nikakunja karatasi. Ningeweza kumbembeleza. Nilijua maneno ya kumwambia, tumefundishwa: kwamba ni kwa maendeleo, kwamba hakuna kitakachochukuliwa. Sikuwa na hakika kama hakuna kitakachochukuliwa, kwa hiyo sikuyasema.

Zikabaki siku tisa. Siku hiyo ya kumi na mbili Mama Furaha alikuja kunichukua ofisini. "Twende wote," alisema. "Wewe unaongea kama fomu." Tulikaa kwenye uwanja wa bibi, wao wawili kwenye jamvi na mimi kwenye kigoda kwa sababu ya goti. Mama Furaha hakuomba chochote. Alimenya mihogo pamoja naye karibu saa nzima wakizungumza juu ya binti aliyepata mimba huko Buhigwe na bei ya chumvi. Nilihisi siku tisa zinaisha pale pale.

Mwisho bibi ndiye aliyesema. "Uwanja sitoi. Lakini pembeni, nje ya jiko, mnaweza kukata njia nyembamba. Ile ichukueni kabisa, muiandike. Halafu mpande minyaa kati ya njia hiyo na uwanja wangu, na yale mapengo yangu mawili myazibe, ili mtu mwingine mwenye kalamu asije akaniuliza tena uwanja wangu ni wa nani."

Mimi nilihesabu papo hapo kwa macho. Pembeni kulikuwa kurefu kuliko katikati. Sikuweza kusema kwa kiasi gani.

Tulipima siku ya kumi na nane, mkaguzi akiwepo. Kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu, niliomba nishike sifuri, na Sada asome. Nilichuchumaa kwenye nguzo ya geti na goti likalia. Mjue kwamba nguzo ile ni nene, ina upande wa nje na upande wa ndani, kati yao ni ngumi mbili. Kipimo kinaanzia nje. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mkaguzi alikuwa mbele na Sada. Tena tepu inasogezwa mara nyingi katika mia tano, na kila mara sifuri ana ngumi yake. Ukizijumlisha ni mita nzima au mbili. Nilimkumbuka Mzee Bigi na penseli yake. Nilishika nje, na kila tulipohama nilishika kwenye alama yenyewe, nikakaza mpaka vidole vikawa vyeupe.

Tulifuata vigingi vya pembeni, tukazunguka jiko la bibi, kibanda cha udongo kilichosimama kwenye kona, tukatoka upande wa pili. Mlangoni kwa Mama Furaha Sada alisoma, akasoma tena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mia tano na tatu na nusu."

Mama Furaha alikaa kwenye kizingiti chake kipya. Sikumtazama. Nilianza kukunja tepu kwa sababu mikono inahitaji kazi. Kwa ngumi zangu ingekuwa chini ya mia tano na mbili, bado nje. Nilifurahi kwamba zisingetosha, na nikajichukia kwa kufurahi.

Bibi Skolastika alikuwa ametufuata kwa fimbo yake mpaka kwenye kigingi cha mwisho. "Imepungua?"

"Imezidi, bibi," Sada alimjibu. "Mita tatu na nusu."

"Imezidi wapi?"

Mimi ndiye niliyemjibu. "Pale kwenye jiko. Tumelizunguka."

Aligeuka akaliangalia jiko lake. Moshi wa asubuhi ulikuwa bado unatoka kwenye makuti. Ndani mle alikuwa amepikia watoto saba, nilikuja kuambiwa baadaye.

"Basi libomoeni," alisema. "Limechoka. Lina umri wangu."

Walibomoa siku iliyofuata, majirani wakisaidiana, na Mama Furaha ndiye aliyetoa mawe matatu ya moto kwa mikono yake na kuyabeba mpaka barazani kwa bibi. Tulipima tena. Mia nne na tisini na sita. Mkaguzi aliandika, akasaini, akaniambia, "Mara nyingine uliza kwanza." Ofisi nayo ilinipa barua ya onyo. Ninayo. Ni barua ya haki.

Ghorofa ilibaki. Nafuu ya kodi ipo. Vyumba vyote vina watu. Mama Furaha alimjengea bibi jiko la tofali lenye bati na dirisha, na bibi husema ni zuri sana, ila linamtoa machozi kwa moshi, kwa hiyo anapikia nje. Njia ya pembeni iliwekewa bikoni mbili za mpaka na minyaa ilipandwa. Minyaa ya Kigoma haina subira. Baada ya mvua mbili huoni ng'ambo. Mapengo yote mawili yalizibwa, kama alivyotaka, akabaki na lango dogo la upande wa barabara.

Wiki kabla sijaondoka, Sada alinionyesha kwenye kompyuta picha mbili za eneo lile zilizopigwa kutoka angani. Ya zamani ina mstari mweupe unaokatiza uwanja, mwembamba kama uzi. Kwenye ile mpya uwanja wote ni wa kijani, na pembeni kuna mstari mwingine, ulionyooka vizuri. Sada aliuchora ule ulionyooka, akauandika jina la njia, akaendelea na kazi. Ninyi mtakaosoma, mkiona uzi mweupe ndani ya uwanja wa mtu, msiubonyeze kwanza. Nendeni mkapige makofi, na mseme mmekuja kufanya nini.

Ile Ijumaa, nilipotoka stoo mikono mitupu, nilikwenda kwa bibi. Njia ya pembeni haina pa kuingilia kwake tena, kwa hiyo nilizunguka na barabara, njia yote ndefu, na goti likinikumbusha kila hatua. Nilisimama mbele ya boma, nikainama kadiri lilivyoruhusu, nikapiga makofi.

"Mwakeye, bibi."

Yalichukua muda kujibiwa. "Umepita wapi?"

"Barabarani."

"Na goti hilo? Ni mbali."

"Ni mbali."

Aliinua ncha ya jamvi, kama siku ile, akasogeza mihogo nipate pa kukaa. Nilikaa. Nyuma ya minyaa Hiace ilikuwa imeshusha watu, na viatu vilikuwa vinapita mfululizo kuelekea kwa Mama Furaha. Bibi aliinamisha kichwa, akavisikiliza.

"Huyo ni Furaha," alisema. "Huyo mwenye kuburuta ni fundi cherehani. Huyo ni mama yake Yona, bado anaumwa mguu." Kisha vikaja vingine, vyepesi, vya visigino. Akavisikiliza mpaka vikaisha. "Huyo simjui."

"Atakuwa mpangaji, bibi. Wa chumba cha juu."

Alirudi kwenye mihogo yake. "Ana haraka," akasema.